Historia, Njozi na Dhamana ya Usimulizi: Usomaji wa Riwaya ya Kiswahili kutoka Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kuiweka riwaya ya kihistoria na riwaya ya kifantasia katika mafungu mawili, kipimo kikiwa uhalisi wa matukio yanayosimuliwa. Makala hii inakijaribu kipimo hicho kwa kusoma riwaya za Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Abdulrazak Gurnah kutoka katika upeo wa msomaji wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Inadaiwa kwamba katika eneo hilo mpaka kati ya historia na njozi hauamuliwi na kuwapo au kutokuwapo kwa maajabu, bali na dhamana ya usimulizi: nani anaisimamia habari, kwa mamlaka gani, na kama msomaji ameachiwa nafasi ya kuihoji. Makala inaonesha kuwa kosa la kuita historia njozi na kosa la kuita njozi historia yote mawili yana gharama, na kwamba gharama ya kosa la pili ilionekana katika daraja la Rusumo mwaka 1994.

Maneno muhimu: riwaya ya kihistoria, fantasia, uhalisiajabu, dhamana ya usimulizi, Ngara, Biharamulo

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza tanzu za riwaya ya Kiswahili hukutana mapema na mgawanyo ulio rahisi kukariri. Upande mmoja huwekwa riwaya za kihistoria: *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela (1934), *Kasri ya Mwinyi Fuad* (1978) na *Vuta N'kuvute* (1999) za Adam Shafi, na *Ngome ya Mianzi* ya M. M. Mulokozi (1990). Upande wa pili huwekwa riwaya za njozi, fantasia au uhalisiajabu: *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Euphrase Kezilahabi, *Ziraili na Zirani* ya William Mkufya (1999), na *Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed (2001). Fungu la kwanza huulizwa maswali ya ukweli: je, mwandishi ameyatendea haki mapinduzi, utumwa au vita vya Wahehe? Fungu la pili huulizwa maswali ya maana: je, safari hii ni sitiari ya nini, na mzee huyu ni ishara ya nini?

Mgawanyo huo una manufaa yake darasani. Hata hivyo, unabeba dhana ambayo haikuthibitishwa, kwamba msomaji wa Kiswahili popote alipo anajua kwa namna moja lipi ni tukio na lipi ni ajabu. Dhana hiyo inapofikishwa Ngara na Biharamulo, inapwaya. Hapa majina ya watawala waliopokea misafara ya karne ya 19 husimuliwa katika mfuatano mmoja na majina ya Wacwezi. Mto unaoonekana kila siku ni mpaka wa dola, ni makao ya masimulizi, na ni kaburi la watu wa miaka ya karibuni. Msomaji aliyekulia katika mazingira hayo huifungua *Mzingile* akiwa na matarajio yasiyofanana na ya msomaji wa Dar es Salaam au Unguja, na mwitikio wake unastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya uhakiki.

Makala hii haitoi matokeo ya hojaji. Inasoma matini, lugha na historia inayofahamika ya eneo, kisha inauliza usomaji wa aina gani unawezekana pale vitu hivyo vitatu vinapokutana.

2.0 Mkabala

Nadharia tatu zinahusika, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. György Lukács, katika kazi yake ya miaka ya 1930 kuhusu riwaya ya kihistoria, aliona kuwa riwaya hiyo huzaliwa pale watu wanapoyatambua maisha yao ya sasa kuwa matokeo ya mabadiliko yaliyopita. Tzvetan Todorov (1970) aliielezea fantasia kwa kusitasita kwa msomaji: tukio limetokea, na msomaji hajui alifasiri kwa sheria za maumbile au kwa sheria zilizo nje ya maumbile, akishaamua, fantasia imekwisha. Hans Robert Jauss naye, mwishoni mwa miaka ya 1960, alitufundisha kwamba matini hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ya wasomaji, na kwamba upeo huo una historia yake.

Ukimweka Jauss juu ya Todorov, tatizo linajitokeza. Kusitasita kunamhitaji msomaji ambaye tayari amechora mstari kati ya maumbile na yaliyo nje yake. Babu anapomjia K. katika *Babu Alipofufuka*, msomaji wa aina hiyo hujiuliza kama hiyo ni ndoto, wazimu au mzimu. Kwa msomaji ambaye katika lugha yake ya nyumbani neno la mizimu linatokana na shina lilelile la *mzimu* wa Kiswahili, na ambaye anajua kuwa aliyekufa huweza kurudi kudai haki yake, swali la kwanza ni jingine: huyu babu amekuja kudai nini, na kwa nini K. hamjibu? Huyu hasitisiti kuhusu kuwapo kwa babu. Anasitasita kuhusu wajibu wa mjukuu.

Kwa sababu hiyo makala hii inapendekeza dhana ya *dhamana ya usimulizi*. Katika masimulizi simulizi msimulizi hujulisha mara kwa mara mahali habari ilikotoka: kwa wazee wa ukoo, kwa mganga, kwa mtu aliyeshuhudia, au "inasemekana". Kwa kufanya hivyo huiwekea habari mdhamini. Habari yenye mdhamini anayejulikana huweza kupingwa. Anayepinga anajua amwendee nani. Hoja ya makala ni kwamba dhamana hii ndiyo inayotenga historia na njozi katika upeo wa Ngara na Biharamulo, na kwamba riwaya bora miongoni mwa zinazojadiliwa ni zile zinazoionesha dhamana yake badala ya kuificha.

3.0 Wilaya mbili na masimulizi yake

Biharamulo ni sehemu kubwa ya iliyokuwa himaya ya Rusubi, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiandika Usui. Mwaka 1861 John Hanning Speke alipita humo akielekea Karagwe. Alicheleweshwa, akatozwa hongo, na hakupata kumwona mtawala, Suwarora, uso kwa uso. Katika msafara wake walikuwamo Sidi Mubarak Bombay na Baraka, watu waliotoka Zanzibar, hivyo Kiswahili kilipita Rusubi pamoja na shanga na nguo miongo kadhaa kabla ya boma la Wajerumani kujengwa Biharamulo. Masimulizi ya watawala wa eneo hili, kama ya Karagwe na Ihangiro, huwaunganisha na Ruhinda, naye Ruhinda katika masimulizi mengi huunganishwa na Wacwezi na mtawala wao Wamara. Katika ukanda huohuo wa kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria walikuwapo pia Warongo, wafua chuma ambao kazi yao ya kuyeyusha mawe ya chuma iliandamana na miiko na tambiko, kiasi kwamba tanuri lilisimuliwa kama mwili unaozaa.

Ngara ina sura nyingine. Bugufi ya Wahangaza ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya ukoloni, ikaachwa upande wa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Pamoja na Ushubi, ndiyo iliyounda wilaya ya leo. Kiranga wa Burundi na Ryangombe wa Rwanda, mashujaa waliokufa na kuendelea kuwajia watu katika ibada ya *kubandwa*, wanajulikana pande zote za mpaka. Rusumo, mahali Mto Kagera unapoanguka, ndipo Gustav Adolf von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894.

Jambo muhimu kwa uhakiki ni kwamba masimulizi haya hayakuwa ya burudani tu. Nasaba ya Ruhinda ilikuwa hati ya utawala. Anayesimulia kwamba babu wa mtawala alitoka kwa Wacwezi anasema pia nani ana haki ya kupokea kodi na nani hana. Msikilizaji wa zamani alilijua hilo, na alijua pia nani analipwa kwa kusimulia. Kusema kwamba jamii hizo "zilichanganya" historia na visasili ni kuwanyima ujuzi waliokuwa nao. Walitofautisha, ila kwa kipimo kingine.

Kipimo hicho kilivunjwa na mgeni. Katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1863, Speke aliandika sura juu ya historia ya Wahuma, akadai kwamba watawala wa maziwa makuu walikuwa wazawa wa watu waliotoka Uhabeshi. Hakuwa na ushahidi wa maana zaidi ya maumbo ya watu aliowaona na masimulizi ya nasaba aliyoyasikia kwa wakalimani. Alichukua masimulizi yaliyokuwa na wadhamini, akawaondoa wadhamini, akaweka sayansi ya zama zake mahali pao. Ilikuwa njozi, na ilisomwa kama historia kwa zaidi ya karne moja, shuleni, katika ofisi za wakoloni, na hatimaye katika siasa za Rwanda na Burundi.

4.0 Wakati katika sarufi na katika riwaya: Kitereza

Kabla ya kuingia katika riwaya zenyewe, inafaa kutazama chombo zilichoandikiwa. Kiswahili kina wakati uliopita mmoja unaobebwa na *-li-*. *Alikuja* huweza kuwa asubuhi ya leo au enzi za Suwarora. Lugha za eneo la maziwa makuu hazifanyi hivyo. Muzale (1998), katika urejeshi wake wa mfumo wa njeo wa lugha za Rutara, kundi linalojumuisha Kihaya, Kinyambo, Kizinza na Kikerewe, anaonesha mfumo unaotenga wakati uliopita wa karibu na wa mbali ndani ya kitenzi chenyewe. Katika Kihaya, kiambishi *-ka-* ndicho cha wakati wa mbali. Kirundi, ambacho Kihangaza kinakaribiana nacho sana, hutenga yaliyotokea leo na yaliyotokea kabla ya leo kwa toni.

Msemaji wa lugha hizo anapoingia katika Kiswahili hupoteza kipimo cha umbali, na *-ka-* anayoikuta huku inafanya kazi tofauti: inafuatanisha matendo, iwe katika habari ya sokoni au katika ngano. Hata hivyo Kiswahili kina rasilimali nyingine ambayo wanasarufi wameizungumza zaidi kuliko wahakiki wa fasihi, nayo ni vipashio vya chanzo cha habari: *eti*, *ati*, *inasemekana*, *wanasema*. Mtu asemaye "eti mfalme alizaliwa na meno" ameiwasilisha habari na papo hapo amejitoa katika udhamini wake. Kwa hiyo pale ambapo Kihaya humwambia msikilizaji *zamani gani*, Kiswahili humwambia *kwa nani*. Riwaya ya Kiswahili inayosimulia yaliyopita inafanya kazi ndani ya tofauti hii, mwandishi atambue au asitambue.

Kitereza ndiye mfano ulio wazi zaidi. Mzaliwa wa Ukerewe aliyesoma Seminari ya Rubya, katika Kagera ya leo, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali* ilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka uliofuata. Hadithi ni ya mume na mke wasiopata mtoto, wakwe wanaomrudisha binti yao nyumbani, faini ya pombe ya ndizi, mganga Kibuguma, na hatimaye watoto wawili ambao majina yao yanabeba kifo na huzuni. Yote yanatokea kabla ya kuja kwa wakoloni.

Wahakiki wamejiuliza mara nyingi kama kitabu hiki ni riwaya au ni maelezo ya mila yaliyovikwa hadithi. Swali hilo linatokana na urefu wa maelezo yake: jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi mgeni anavyopokewa, jinsi dawa inavyotafutwa na kutumiwa. Ukisomwa kwa dhana ya dhamana, urefu huo unapata kazi. Katika Kikerewe kitenzi kingeweza kubeba umbali wa wakati. Katika Kiswahili hakiwezi. Kitereza anaujenga umbali huo kwa vitu. Kila hatua ya kukamua ndizi ni ushahidi kwamba msimulizi alikuwapo, au aliwasikia waliokuwapo. Anaidhamini hadithi kwa ujuzi wa mikono.

Msomaji wa Biharamulo anaipokea dhamana hiyo kwa urahisi, kwa kuwa anaweza kuikagua. Masimulizi ya Ukerewe yenyewe huwatoa watawala wake, Abasilanga, Ihangiro; migomba, mashua na adabu za ukweni si ugeni kwake. Anapofika kwa Kibuguma, hatua za dawa zinasimuliwa kwa utulivu uleule wa hatua za pombe. Kitereza, Mkristo aliyelelewa na wamisionari, hasemi "eti" mahali hapo. Hapo ndipo penye uzito wa kitabu. Mwandishi mwenye sababu zote za kujitenga na mganga hakujitenga naye. Alimpa mganga dhamana ileile aliyompa mpika pombe. Anayeiita sehemu hiyo "imani za jadi" na sehemu ya pombe "uhalisia" ameuchora mpaka ambao matini haina.

5.0 Safari za Kezilahabi

Kezilahabi, Mkerewe mwenzake Kitereza, anakwenda kinyume. *Nagona* na *Mzingile* hazina mwaka, hazina wilaya, na msimulizi wake haaminiki hata kwake mwenyewe. Katika *Nagona* wanafikra wa Ulaya hutembea na kusema kama watu wa mji, na safari inaelekea kwenye ngoma kuu na matumaini ya mkombozi wa pili. Katika *Mzingile* msimulizi anatumwa kumtafuta mzee aliye mbali ampelekee habari ya kifo cha mwanawe, na baadaye anajikuta katika ulimwengu ulioteketea. Said Khamis (2003) ameisoma *Nagona* kwa kuunganisha mmegeko wa muundo, usimulizi simulizi na uhalisiajabu, na wengi wamefuata njia hiyo wakikazia falsafa: kuvunjwa kwa miungu, kwa ukweli mmoja, kwa lugha yenyewe. Usomaji huo una msingi, hasa ukikumbuka kuwa tasnifu ya Kezilahabi ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi.

Lakini usomaji wa kifalsafa unaharakisha. Mfano ni jina la mzee wa *Mzingile*, Kakulu. Kwa msomaji asiyejua lugha za ziwa, hili ni jina la ajabu, na ajabu huita ishara. Kwa msemaji wa Kikerewe ni neno la kawaida kwa umbo: kiambishi cha udogo *ka-* na shina *-kulu*. Msemaji wa Kihangaza naye, aliyezoea *-kuru* kwa mtu mkubwa au mzee, analisikia bila kufasiriwa, kwa kuwa ubadilishanaji wa *l* na *r* ni jambo analoishi nalo kila siku. Anachosikia ni *kazee*: neno lenye dharau na mapenzi kwa pamoja, linaloweza kumtaja mungu na babu wa jirani kwa pumzi moja. Uzito wa kiteolojia ambao wahakiki wameujenga juu ya mzee huyu haupotei, ila unashuka chini na kukaa kwenye kigoda. Kicheko kinaingia. Msomaji wa namna hii anagundua kwamba *Mzingile*, pamoja na giza lake, ina mzaha ambao tafsiri za kifalsafa zimeunyamazisha.

Jambo la pili linahusu tarehe. *Mzingile* ilichapishwa mwaka 1991. Kwa msomaji wa mwaka huo ulimwengu ulioteketea ulikuwa kitisho cha mabomu ya nyuklia au sitiari ya kuporomoka kwa itikadi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa makadirio ya UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24. Kambi ya Benako ilizaliwa kwenye vilima ambavyo wiki chache kabla vilikuwa na miti. Mtoni zilipita maiti zikielekea Ziwa Viktoria. Msomaji wa Ngara anayeifungua *Mzingile* baada ya hapo anaisoma riwaya nyingine, ingawa hakuna neno lililobadilika. Mtu anayetembea peke yake katika nchi isiyo na watu, akiwa na habari ya kifo asiyejua ampe nani, hamhitaji mfasiri.

Inaweza kupingwa kwamba hii ni bahati ya usomaji na haina uhusiano na thamani ya kazi. Pingamizi hilo lingesimama kama riwaya zote za njozi zingeupokea mzigo huo kwa usawa. *Kusadikika* haiupokei: nchi yake ya angani ni fumbo la sheria na haki, na fumbo likishafumbuliwa limetimiza kazi yake. *Ziraili na Zirani*, kwa ukubwa wake wote wa mbingu na kuzimu, inabaki mjadala wa imani. *Mzingile* inaupokea kwa sababu msimulizi wake hadhamini lolote. Hasemi vita ilitokana na nini, wala nani alikuwa na haki. Ukimya huo unaacha nafasi ambayo msomaji aliyeona anaweza kuingia na ushahidi wake. Kwa maneno mengine, riwaya ambayo imekataa kuwa historia ndiyo iliyoweza kuipokea historia ilipofika.

6.0 Bara lililosimuliwa: *Peponi*

*Paradise* ya Gurnah ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule wa Rusumo, na tafsiri yake ya Kiswahili, *Peponi*, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa fungu ni riwaya ya kihistoria: kijana Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, mfanyabiashara Aziz, msafara wa kwenda bara, mtawala Chatu anayewapora, na Wajerumani wanaokaribia kutoka kila upande.

Msomaji wa Biharamulo ana sababu ya kuisoma akiwa na tahadhari. Bara la msafara ni kwao. Nafasi ya Chatu, mtawala wa ndani anayewazuia wageni na kuchukua mali zao, ndiyo aliyowahi kupewa Suwarora katika vitabu vya wasafiri, na msomaji huyo anajua kwamba hongo iliyoitwa uporaji na Speke ilikuwa, kwa mtoza, ushuru wa kupita katika nchi yenye mwenyewe. Je, *Peponi* inairudia picha ya bara lenye giza, safari hii kwa sauti ya Mswahili badala ya Mwingereza?

Jibu linapatikana katika namna habari za bara zinavyosambazwa ndani ya riwaya. Wahusika huzungumza sana kuhusu washenzi, kuhusu mipaka ya dunia, kuhusu Yajuj na Majuj. Habari hizo hazitoki kwa msimulizi. Hutoka vinywani mwa wafanyabiashara, nyumbani, barazani na njiani, kila mmoja akiwa na biashara yake, hofu yake na majivuno yake. Msomaji anajua nani anasema na kwa nini. Hata Chatu anapewa nafasi ya kutoa hoja yake: waliotangulia walimdhulumu, na waliokuja leo wanalipa. Kwa kufanya hivyo Gurnah anaigeuza njozi ya bara kuwa historia ya wasimulizi wake. Kinachothibitishwa si kwamba kulikuwa na watu wa ajabu upande wa pili wa ziwa, bali kwamba watu wa pwani walihitaji kuamini hivyo, na haja hiyo ilikuwa na bei yake sokoni.

Kasoro ipo. Chatu anasema, lakini kijiji chake hakisemi. Yusuf anapita, na macho ya riwaya yanapita naye. Mtu aliyebaki akitazama msafara ukiondoka hana hadithi, na huyo ndiye babu wa msomaji wa Biharamulo. *Peponi* inamwonesha msomaji huyo jinsi alivyosimuliwa. Kazi ya kumsimulia bado inabaki.

7.0 Gharama mbili

Makosa mawili sasa yanaweza kutajwa kwa majina. La kwanza ni kuita historia njozi. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi wa Ngara kwamba mizimu ya *Babu Alipofufuka* ni "mbinu ya uhalisiajabu" hajasema uongo, ila amemfundisha pia, bila kukusudia, kwamba anayoyasimulia bibi yake ni mbinu. Mwanafunzi atafaulu mtihani na atakuwa amepoteza shahidi. Inaelekea kosa hili linahusika pia na uhaba wa riwaya za kihistoria kuhusu eneo lenyewe. Inashangaza, kwa mfano, kwamba Mulokozi, mtafiti aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1986 juu ya tendi za nanga za Wahaya, alipoandika tamthiliya na riwaya za kihistoria alielekea Uhehe kwa Mkwawa. Uhehe una vita yenye tarehe, adui anayejulikana na fuvu lililorudishwa mwaka 1954. Tendi za Kagera zina mashujaa wanaokwenda kuzimu na kurudi. La kwanza lilionekana kuwa malighafi ya riwaya, la pili likabaki malighafi ya utafiti.

Kosa la pili, kuita njozi historia, ni zito zaidi. Nadharia ya Speke haikubaki kitabuni. Novemba 1992, huko Kabaya nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kupitia Mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake Kagera, na Kagera hupita Rusumo. Njozi iliyokusanyiwa habari zake katika njia ya Rusubi na Karagwe mwaka 1861 ilirudi mtoni baada ya miaka 133. Na swali la asili halijaacha kuwa hai upande huu wa mto: mwaka 2013, operesheni ya kuwaondoa wahamiaji haramu katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ililifanya swali la "babu yako alitoka wapi?" kuwa swali la kiutawala. Mahali ambapo nasaba inaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake, mhakiki hana ruhusa ya kusema kwamba tofauti kati ya historia na njozi ni suala la ladha.

Ndiyo maana makala hii haidai kwamba kila kinachoaminiwa na jamii ni historia kwa sababu kinaaminiwa. Msimamo huo ungempa Mugesera dhamana sawa na Kibuguma. Tofauti yao iko hapa: Kitereza anaonesha anayejua, anajuaje, na dawa imetengenezwa kwa nini, msomaji anaweza kukataa kwa hoja. Gurnah anaonesha anayesema na faida anayoitarajia. Kezilahabi anakataa kudhamini, na anasema wazi kwamba amekataa. Speke aliandika bila "eti", na waliomrithi walisema bila "eti".

8.0 Hitimisho

Makala imejaribu kuonesha kwamba mgawanyo wa riwaya ya kihistoria na ya kifantasia, unaojengwa juu ya uhalisi wa matukio, hautoshi kueleza jinsi riwaya za Kiswahili zinavyofanya kazi kwa msomaji wa Ngara na Biharamulo. Kipimo cha dhamana ya usimulizi kinaeleza zaidi: kinaupa kazi urefu wa maelezo ya Kitereza, kinarudisha mzaha wa *Mzingile* na kueleza kwa nini riwaya hiyo ilizidi kuwa nzito baada ya 1994, na kinaonesha mafanikio na mpaka wa *Peponi*. Kipimo hicho pia kinawaita wanaisimu mezani, kwa kuwa vipashio vya njeo na vya chanzo cha habari ni sehemu ya siasa ya usimulizi, na utafiti wa *eti* katika riwaya ya Kiswahili haujaanza kwa kiwango kinachostahili.

Kwa mwandishi wa riwaya, Rusumo ingali inangoja kazi inayolingana na uzito wake. Atakayeiandika atalazimika kuamua kama mto utasema, kama Kiranga atatokea, kama waliokufa watavuka daraja pamoja na waliokuwa hai. Uamuzi wowote kati ya hayo unaweza kuwa sahihi. Kitakachoulizwa na wasomaji wa pande zote mbili za mto ni nani ameyasema hayo, na aliyasikia kwa nani.